Data za Utafiti ni Amana

Katika miaka ambayo nimesimamia tasnifu, wanafunzi wameniuliza mara nyingi kuhusu nadharia, sampuli na marejeleo. Ni wachache mno walioniuliza: majina ya watu niliowahoji yakae wapi, na nani aruhusiwe kuyaona?

Swali hilo ni la kisiasa kabla ya kuwa la kiufundi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahoji wanakijiji waliokuwa katika mgogoro wa ardhi. Baadaye ofisa mmoja alitaka apewe orodha ya waliosema. Tulikataa bila kusema uongo, kwani orodha haikuwapo: majina yalikwisha kugeuzwa namba, na karatasi iliyoyaunganisha na namba hizo ilikwisha kuchomwa, kama wazee wale walivyoahidiwa. Laiti ingekuwapo, sijui ujasiri wetu ungedumu siku ngapi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Sheria hizo ni ngao, lakini hazifungi kabati la mtu. Data zetu nyingi bado zimo katika flashi inayopita kila duka la kuchapisha, au katika simu ya msaidizi aliyekwisha kumaliza mkataba.

Hata hivyo, kuficha peke yake hakutoshi. Data iliyopotea nayo ni amana iliyovunjwa. Aprili 2021 moto uliteketeza Chumba cha Kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na maelfu ya machapisho na filamu kuhusu Afrika. Mengi yaliyokuwa katika ghala la chini hayakufikiwa na moto, kwa kuwa milango ya kuuzuia ilijifunga. Kuna mtu aliyeifikiria milango ile kabla ya kuwapo moshi.

Kwa hiyo, mwanafunzi, andika mpango wa kutunza data kabla ya kuandika dodoso: nakala ngapi, wapi, kwa nywila ipi, na lini majina yafutwe. Chuo nacho kigharimie hifadhi salama, kisimwachie kijana mzigo huo. Nawe mtumishi wa umma, ukihitaji ukweli wa kijiji, omba matokeo ya utafiti. Majina waachie wenyewe.