Majaribio ya dawa: Mgonjwa sharti aulizwe

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini kwa dawa mpya ambayo ingali inajaribiwa, mgonjwa sharti aulizwe, na akikataa aachwe.

Nayasema haya kwa sababu baba yangu mdogo, mkazi wa Makongeni, Thika, anaugua CML, aina adimu ya saratani ya damu. Dawa anayotumia imeanza kuzidiwa na ugonjwa, na daktari akamdokezea kwamba huenda akaombwa kushiriki katika majaribio ya nyingine. Jamaa tulikutana kwangu Ruiru. Shangazi alikuja juu: “Ndugu yangu si panya wa maabara!”

Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, msomaji mpenzi, tembe ambazo baba mdogo amekuwa akimeza, Glivec, zilimfikia kwa sababu kuna waliokubali kujaribiwa. Mnamo Juni 1998, Dkt Brian Druker wa Oregon, Marekani, na wenzake walianza kuwapa wagonjwa waliokuwa wameshindwa kutibika kwa dawa ya awali. Walianza na kipimo kidogo, wakaongeza polepole. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kuwa ya kawaida.

Kisha wagonjwa 1,106 wakakusanywa kutoka nchi 16, maana ugonjwa adimu hauna wagonjwa wa kutosha mahali pamoja. Waligawanywa kama kwa kura, nusu wapewe Glivec na nusu matibabu ya zamani. Hakuna aliyeachwa bila tiba, na ambao hawakupata nafuu waliruhusiwa kubadilisha.

Isitoshe, Thika si mgeni wa mambo haya. Kuanzia 2008, wenzi wa mji huo walishiriki katika utafiti wa tembe za kuzuia virusi vya Ukimwi. Mnamo Julai 2011, ilipobainika kwamba tembe hizo zinakinga, utoaji wa tembe bandia ulisimamishwa mapema.

Basi kabla ya kutia sahihi, mgonjwa na aulize: Dawa hii imepewa watu wangapi, na iliwadhuru vipi? Nikidhurika, nani atagharimia matibabu? Naweza kujitoa na bado nikatibiwa? Majaribio yakiisha, nitaendelea kuipata?

Asipojibiwa kwa lugha anayoielewa, aweke kalamu chini.