Pishi Sita za Mchele

Mwaka wa 2020 nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa na mitaala miwili. Binti yangu alikuwa darasa la saba la 8-4-4, mfumo uliokwisha kuhesabiwa siku zake. Mdogo wake alikuwa gredi ya nne, kundi la kwanza kabisa la mtaala wa umilisi, wale ambao wazazi wao tulikuwa tukiitwa shuleni kufafanuliwa mambo ambayo walimu wenyewe ndiyo kwanza walikuwa wakiyazoea. Jumapili ya tarehe 15 Machi, Rais akatangaza kuwa shule zifungwe kwa sababu ya korona. Kulipokucha, wote wawili walikuwa ukumbini, na mwalimu ni mimi.

Serikali ilijitahidi, nisiseme uongo. KICD, taasisi ya mitaala, ilirusha masomo kwenye redio za KBC na kwenye Edu Channel ya runinga. Lakini redio haina subira: maji yakija na ndoo zikakungoja, somo limekupita. Masomo ya intaneti yalitaka bando, na baba yao alikuwa ameshaambiwa na hoteli aliyofanyia kazi akae nyumbani hadi atakapoitwa.

Faida moja niliipata. Shule humletea mzazi ripoti, haimwonyeshi mtoto akihangaika na jambo ambalo bado halijamwingia akilini. Sasa nilikuwa nikiona. Binti yangu hapendi kuelezwa. Mwalimu wa redio akianza tu, yeye huyo na kitabu chake hadi chumba cha ndani. Ataurudia ukurasa mpaka aridhike, auandike upya kwa maneno yake, kisha atoke amemaliza. Mdogo wake ukimpa kitabu ukageuza mgongo, utamkuta uvunguni anafungua tochi aone kilichomo.

Lililomshinda huyu mdogo ni sehemu: nusu, robo, robo tatu. Kwake yeye robo ilikuwa kubwa kuliko nusu, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko mbili. Nilimchorea chapati, nikamkatia chungwa. Chungwa akalila.

Ramadhani ikatukuta katika hali hiyo. Tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale kwa siku 15, na zilipokwisha zikaongezwa. Mfungo ulipokaribia kuisha, mamangu, ambaye tunaishi naye, akatoa kibaba chake cha bati akamwita mjukuu wake.

"Njoo, mume wangu, unipimie zaka ya fitri. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Kila mtu pishi moja, na humu ndani tuko sita."

Kijana akapiga magoti mbele ya gunia la mchele. Alichota, akamimina, akapotea hesabu, akarudisha wote akaanza upya. Pishi ya pili ikiwa katikati, akasimamisha mkono.

"Nyanya, kisaga si ni nusu ya pishi?"

"Ni nusu."

"Basi kibaba ni nusu ya ile nusu. Ndiyo robo!"

"Sijui hizo robo zenu. Sawazisha kwa kiganja, usimpunje maskini."

"Na yule mtoto wa jirani, akizaliwa leo?"

"Akiwahi kuzaliwa kabla ya magharibi ya kuamkia Idd, naye ana pishi yake."

Vilitoka vibaba 24. Kuanzia siku ile, kando ya kila hesabu ya sehemu daftarini palichorwa kikopo kidogo chenye mkono, na robo haikuizidi nusu tena.

Hapo ni rahisi kutoa hukumu: dada ni wa vitabu, mdogo wake ni wa mikono. Maneno hayo yanapendwa sana kwenye mikutano ya wazazi, na kila anayeyasema humtaja Howard Gardner na kitabu chake cha 1983 kuhusu akili za aina nyingi. Mimi sikuyaona nyumbani kwangu. Chuo nacho kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo baada ya alasiri mamangu, aliyesoma enzi za ubao na wino, aliwasomesha Kurani. Huyu "wa mikono" hakushika chochote: alifumba macho, akasikiliza, akarudia, na sura ikamkaa kichwani kabla ya dada yake. Naye dada, asiyetaka kuelezwa, alipotamani kujua kushona kofia ya mkono alikuwa akikaa amemgandama nyanya yake begani, macho kwenye sindano, kila tundu na swali lake. Kwa nilivyoona mimi, kofia ina njia yake ya kufunzwa, na Kurani ina yake. Mtoto ni yule yule. Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani waliopitia tafiti za kumfundisha kila mtoto kwa "mtindo" wake walisema ushahidi hautoshi, wala mimi sikushangaa nilipolisoma hilo.

Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kuwa mwaka wa masomo umepotea. Binti yangu alilia. Oktoba ikaongeza chumvi kwenye kidonda: tarehe 12 waliitwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Mdogo akavaa sare na barakoa akaenda zake, dada akabaki ukumbini na vitabu vyake hadi tarehe 4 Januari 2021. Majirani walituambia mtoto atasahau yote. Hakusahau, maana alikuwa keshazoea kujisomea.

Kalenda ilivyovurugika, wote wawili walitahiniwa mwaka mmoja, 2022. Dada alifanya KCPE ya darasa la nane mwezi wa Machi, na mdogo wake akafanya KPSEA ya gredi ya sita, ya kwanza nchini, iliyoanza mwishoni mwa Novemba.