Mtoto Asiyeweza Kulia kwa Sauti



Juma hili nawaandikieni juu ya kosa nililolitenda mbele yenu altareni, nanyi hamkulitambua kuwa kosa. Nilitangaza kwamba mtoto wa jumuiya yetu moja, ambaye tulimwombea mwezi mzima, amepona. Mkapiga makofi na vigelegele. Mtoto hakuwa amepona. Alikuwa amepewa njia ya kupumulia, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mama yake ameyasoma maneno haya kabla yenu na ameniruhusu kuyatoa.

Mtoto ana miaka mitatu. Sauti yake ilianza kukwaruza kabla hajatimiza miwili. Wakasema ni mafua, kisha pumu, akapewa dawa za pumu, na miezi ikapita. Usiku ule alipofikishwa hospitali, kifua chake kilikuwa kikibonyea ndani kwa kila pumzi. Katika zoloto, pale sauti inapotokea, vilikuwa vimeota vinyama vilivyokaribia kuziba njia yote. Daktari alimweleza mama kwamba ingefaa zaidi kuviondoa kwa kupitia mdomoni, maana tundu la kooni laweza kuvifanya vishuke na kuota chini zaidi. Lakini hali ilikuwa mbaya mno kuweza kungoja. Akanipigia simu, fomu ya ridhaa ikiwa mkononi. “Padre, nisaini?” Baba wa mtoto huendesha lori na alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Nikamjibu, “Saini, mama.” Hilo silijutii.

Niseme jambo moja kando. Vinyama hivyo huletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 6 na 11, ambavyo mara nyingi mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ni virusi vilivyoenea mno, na wengi walio navyo hawajui kabisa. Nimesikia minong’ono nje ya kanisa juu ya mama huyu. Naomba ikome.

Upasuaji wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1825, mjini Tours, Ufaransa, daktari Pierre Bretonneau alimwokoa kwa njia hiyo mtoto wa miaka minne aliyekuwa akikabwa na dondakoo, baada ya majaribio yake ya awali kushindwa. Koo hutobolewa chini ya zoloto, mrija huingizwa, na hewa huenda moja kwa moja mapafuni. Nilimwona mtoto wetu asubuhi yake amelala usingizi mtulivu, naye jana yake alikuwa akikata roho. Hapo ndipo furaha iliponipotosha, nikaondoka bila kumsikiliza muuguzi aliyekuwa akimfundisha mama.

Laiti ningesikiliza, ningejua kwamba mrija wa mtoto wa umri ule una upana wa ndani wa milimita nne hivi, nao hauhitaji kitu kikubwa kuuziba. Pua ndiyo inayoipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja. Hewa inapopita mrijani, kazi hiyo haifanyiki, makohozi hukauka na kuganda. Aidha, mrija unaweza kuchomoka mtoto anapojigeuza au anapokohoa. Na kwa kuwa pumzi hutokea chini ya zoloto bila kuigusa, mtoto anayekabwa hawezi kulia wala kuita. Hufa kimya, pembeni ya mtu aliyelala.

Kabla ya tangazo langu, akina mama wa jumuiya walikuwa wakienda kwa zamu kulala naye nyumbani. Baada ya tangazo, wakaacha. Kwa nini waendelee, na Paroko amesema mtoto amepona? Mama akakesha peke yake usiku tatu mfululizo, na wa nne usingizi ukamshinda. Umeme ulikuwa umekatika. Kilichomwamsha ni kisigino cha mtoto kikigonga ukuta.

Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alijaribu kunyonya makohozi kwa pampu ya mguu, mpira haukupita. Akakata utepe wa shingoni, akautoa mrija wote, akachukua mwingine wa kipimo kilekile. Haukuingia. Muuguzi alikuwa amemsisitizia kuweka daima wa pili ulio mwembamba zaidi. Huo ukaingia, mtoto akakohoa. Ndani ya ule wa zamani alikuta kipande cha makohozi makavu kisichozidi punje ya mchele.

Alipokuja kunisimulia hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Baba Paroko, wale akina mama niliwakosea nini?” Sikuwa na jibu la kumpa aliposimama pale, ila Dominika iliyofuata niliwaeleza ninyi ukweli, kama mnavyokumbuka.

Sasa tuko tisa, wote tumefundishwa na muuguzi yule: kukagua utepe kwamba kidole kimoja tu kinapita, kutokupaka poda, kutia jiko la mkaa mbali, kuogesha bila maji kufika kooni. Mtoto amekwisha kusafishwa vinyama mara mbili, navyo vinarudi. Mrija utatolewa vitakapotulia, na hakuna aliyetutajia mwezi.

Zamu yangu ni usiku wa Alhamisi, pamoja na katekista. Bibi yake mtoto, aliyekuja kutoka kijijini baada ya usiku ule, amemfunga njuga mguuni. Alhamisi iliyopita zililia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akiota. Mara ya pili nilinyonya makohozi nikihesabu nisipite kumi, kama nilivyofundishwa, kisha nikarudi kukaa.