Kiti cha Bluu Pembeni mwa Safu

Nilipotimiza miaka 43 nilianza kusali juu ya kiti. Ni kiti cha plastiki cha rangi ya bluu, kimoja kati ya vitatu ambavyo msikiti wetu wa mtaani, hapa Mbagala, umeviweka pembeni mwa safu kwa ajili ya wazee. Vile viwili vingine vilikaliwa na mzee aliyepata kiharusi na mstaafu mmoja wa bandari mwenye magoti mabovu. Mimi sikupata ajali, wala sikupata kubeba gunia maishani mwangu. Kazi yangu ni kukaa.

Ni mhasibu. Kwa miaka 17 nimekaa mbele ya kompyuta katika ofisi moja ya maeneo ya Posta. Hutoka Rangi Tatu mara tu baada ya sala ya Alfajiri, na nikipata siti katika daladala humshukuru Mwenyezi Mungu. Jioni hukaa tena katika foleni ya Barabara ya Kilwa. Nikifika nyumbani hujitupa kwenye kochi, simu mkononi, kidevu kifuani. Mke wangu aliwahi kuniambia, "Baba Nasra, wewe umekuwa kama alama ya kuuliza." Nilicheka.

Maumivu yalianzia kati ya shingo na bega la kulia, upande wa mkono unaoshika kipanya. Ikafuata ganzi ya vidole, kisha kiuno. Nikapaka dawa ya kuchua, nikanunua vidonge bila kuandikiwa na daktari, nikasema ni uchovu wa hesabu za mwisho wa mwezi. Usiku mmoja, katika sala ya Isha, nilisujudu nikashindwa kuinuka. Ndugu aliyekuwa kulia kwangu ndiye aliyeninyanyua baada ya kutoa salamu.

Ruhusa ya kukaa ipo, na sikuona haya kuitumia. Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Haya ilinipata kwa njia nyingine. Mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Kibiti. Amevuka miaka 70, na jembe ndilo lililomlea. Akatandika mkeka, akarukuu, akasujudu, akainuka bila kugusa ukuta. Mimi, mwanawe, nilikuwa juu ya kiti cha meza ya chakula. Mara mwanangu wa mwisho, wa miaka sita, akaburuta kigoda cha jikoni mpaka ubavuni mwangu, akakikalia, akafunga mikono. "Baba, na mimi nimekuwa mkubwa. Nasali kwa kiti."

Mama hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akaendelea na uradi wake.

Wiki ile nilikwenda hospitali ya Temeke, nikapigwa picha ya mgongo, nikapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Dada yule hakuanza na mgongo. Alinitaka nikae kama nikaavyo kazini, akanizunguka. "Kaka," akasema, "wewe kioo unakisoma kwa shingo." Akanieleza kwamba kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kadiri kinavyotangulia mbele ndivyo misuli ya shingo inavyolemewa, ndoo ya maji uliyoikumbatia kifuani si sawa na uliyoinyooshea mikono mbele. Akaniambia pia kuwa zile sahani laini zilizo baina ya pingili za mgongo hazina mishipa ya damu ya kutosha, hivyo mwendo wa mwili husaidia kuzifikishia lishe. Anayekaa saa nne bila kuinuka anauweka mgongo wake na njaa.

Tiba yenyewe haikuwa na gharama kubwa. Niliweka rimu mbili za karatasi chini ya kioo cha kompyuta mpaka ncha yake ya juu ikalingana na macho, nikakisogeza umbali wa mkono ulionyooshwa. Viwiko vikakaa karibu na mbavu, nyayo zikatulia sakafuni, taulo lililokunjwa likajaza uwazi wa kiunoni. Kila dakika 20 huyaondoa macho kwenye tarakimu nikatazama mbali. Dirisha letu linaelekea bandarini, basi hutazama meli. Chupa kubwa ya maji nimeiacha nyumbani, natumia bilauri, ili kiu initoe kitini. Kiti chenyewe, kilichovunjika egemeo, kilichukua miezi mitatu ya kuomba, ingawa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi.

Lililonihuzunisha zaidi nililigundua baadaye. Miaka yote ile nilikuwa nikiichelewesha Adhuhuri mpaka inakaribia kukutana na Alasiri, kwa sababu ya ripoti. Wapo wanaopenda kusema kuwa sala ni mazoezi. Mimi siipendi kauli hiyo, kwani sala ni ibada na inatosha kuwa ibada. Lakini laiti ningeinuka kwa wakati wake, nikashuka ngazi kwenda kutia udhu, nikarukuu kwa utulivu bila kudonoa kama kuku, nisingekuwa nimeganda kitini tangu asubuhi. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a.), aliyezidisha kufunga na kusimama usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Nilidhani maneno yale ni ya wacha Mungu wakubwa. Sikudhani yanamhusu mtu aliyezidisha vitabu vya hesabu.

Sasa ni mwezi wa nane. Nasujudu, ingawa mwisho wa mwezi kiuno hunikumbusha, na mara mbili nimerudi kitini. Kigoda kimerudi jikoni.

Ijumaa iliyopita nilimwona kijana mmoja wa mtaani kwetu, hajafika miaka 30, anayeshinda ofisini akipokea simu za wateja. Alikuwa amekikalia kile kiti cha bluu, kiganja kikiwa nyuma ya shingo. Baada ya sala nilimsubiri penye viatu.