Fikasi ikipukutisha majani, msimfukuze mfagiaji!

Jamani, nani kawaambia watu wa mjini kwamba mti ukidondosha majani lazima kuna mtu kategea kuumwagilia? Nauliza kwa sababu kuna binti kabakiza kidogo tu akatwe mshahara kwa kesi hiyo, na ushahidi wenyewe ulikuwa beseni la majani.

Naizungumzia fikasi, msomaji wangu. Ule mti wa majani madogo yanayong'aa, yamechongoka kwa ncha, na matawi yanainama kwa madaha utadhani bibi harusi anasubiri kutunzwa. Umeuona saluni, umeuona hotelini, na benki ndiyo usiseme. Mingine imesukwa mashina matatu kama yeboyebo. Jina lake la kitaalamu ni Ficus benjamina, alilopewa na yule Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1767. Kwao ni Asia, kuanzia pande za India hadi kaskazini mwa Australia, na jiji la Bangkok kule Thailand limeufanya mti wake rasmi. Hata huku kwetu una ndugu: mkuyu ni ukoo huo huo, na mtini pia. Kwa hiyo usidanganyike na kile chungu kilichopakwa rangi. Kwao porini hilo ni jitu linalopita mita 20.

Sasa sikia kisa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya usafi katika ofisi moja hapa Dar, jina kapuni. Wakaletewa fikasi ndefu kuliko bosi mwenyewe, imeshiba majani hadi shina halionekani. Wakaisimamisha kona ya mapokezi, chini kabisa ya kiyoyozi, maana dirishani pamekaliwa na mashine ya fotokopi. Wiki ya pili majani yakaanza kumwagika. Tena si makavu, mabichi! Anafagia saa moja asubuhi, saa nne sakafu imeshachafuka tena.

Bosi akamwita. "Wewe binti, mti huu nimeununua kwa hela nyingi, wewe hata maji tu yanakushinda? Ukifa, nakata kwenye mshahara wako." Si unaujua mshahara wa usafi ulivyo? Ukiugusa tu, kodi ya chumba inakuwa hadithi. Usiku akanipigia analia: "Dada, mbona mimi namwagilia asubuhi na jioni?"

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Asubuhi na jioni? Mti uko ndani, kwenye baridi, jua hauloni, halafu unanyweshwa kama ng'ombe!

Kesho yake nikamfuata kijana mmoja anayeuza miti na maua kando ya barabara kule Kinondoni. Nilidhani ataniuliza unamwagiliwa mara ngapi. Wapi! Swali lake la kwanza lilikuwa: "Umehamishwa lini?"

Kumbe siri yote iko hapo. Fikasi haipendi kuhamishwa, kama bibi yangu. Miti mingi ya kuuza inakuzwa nje, juani, na majani yake yanatengenezwa kwa ajili ya jua hilo: madogo, manene, magumu. Ukiichukua ghafla ukaitupa kwenye kona yenye giza, majani yale hayapati mwanga wa kutosha kutengeneza chakula, lakini kula yanaendelea kula. Yanageuka mzigo. Mti unafanya hesabu zake kimyakimya, unayafukuza kazi, kisha taratibu unaotesha mengine mapana kidogo na mepesi, yanayoweza kuishi na mwanga mdogo. Wale mliosoma biolojia mtanielewa, ni usanisinuru ule ule tuliokuwa tunaukariri kwa ajili ya mtihani. Na hewa ya Dar huko nje ni ya jasho, fikasi inaipenda mno. Kiyoyozi kinaikausha hewa, tena kinaupulizia mti moja kwa moja. Lazima upukutike.

Tatizo ni kwamba mtu akiona majani chini anachanganyikiwa. Leo anausogeza mlangoni, keshokutwa anaurudisha kona, mtondo anaumwagia mbolea. Kila anapouhamisha mti unaanza hesabu upya. Ukipukutisha, kwanza ukwangue ngozi ya tawi kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, mti ni mzima, tulia. Tawi likiwa kahawia na linakatika kama kijiti cha kiberiti, hilo limekwenda, likate. Halafu utafutie mahali pamoja penye mwanga mwingi, karibu na dirisha, mbali na kiyoyozi na feni, uuache hapo hapo. Wiki kadhaa, hata miezi miwili. Mbolea usiguse mpaka uone majani mapya.

Maji nayo yana utaratibu wake. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Pakiwa na unyevu, achana nao, hata kama bosi anakutolea macho. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, na baada ya nusu saa yamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Chungu kisicho na tundu chini ni kimeo, usinunue hata kiwe na maua ya dhahabu. Maji yakituama mizizi inaoza, majani yanageuka njano kabla ya kuanguka, na udongo unatoa harufu ya mtaro. Mti wenye kiu dalili zake ni nyingine: majani yananyong'onyea, yanakauka, ukiyashika yanavunjika kama papadi. Lakini yakianguka yakiwa bado mabichi, anza kuulizia ulikohamishwa.

Mdogo wangu alipata ujasiri, akamwomba fundi wa mashine wasogeze fotokopi. Mti ukakaa dirishani. Maji akapunguza, anapima kwa kidole. Wiki ya tatu umebaki mifupa mitupu, na bosi akawa anapita pale anasonya. Binti hana usingizi, mimi sina usingizi. Wiki ya saba vikatokeza vichipukizi vyembamba kama sindano, kijani cha kuumiza macho. Mshahara haukukatwa. Samahani? Hakuna. Siku hizi nasikia bosi anawaambia wageni kwamba ule mti anautunza mwenyewe!

Kama una mpango wa kununua, muulize muuzaji kama mti umekaa chini ya neti ya kivuli kwa wiki kadhaa. Uliozoeshwa kivuli haupukutiki sana. Ule unaong'aa jua kali kando ya barabara ni mzuri wa sura, ila ukifika nyumbani kwako utalia na wewe.

Wadudu nao wapo. Ukiona majani yananata kama yamepakwa soda, na sisimizi wanapanda na kushuka kama abiria wa mwendokasi, geuza jani chini. Utakuta vinundu vya kahawia vimegandamana, au vitu vyeupe kama pamba. Wanafyonza utomvu, wanakojoa sukari. Wafute kwa pamba yenye spiriti, halafu osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, na urudie kila wiki, kwa sababu mayai yanabaki. Ukikuta utando mwembamba na majani yana madoa madoa ya njano, hao ni utitiri, wanapenda pakavu. Upeleke mti bafuni ukauogeshe vizuri, chini ya majani hasa. Na jani lililojikunja katikati kama sambusa, ukilifungua utakuta tududu tweusi. Yachume yote ya namna hiyo, yafunge kwenye mfuko, tupa mbali.

Eti fikasi inasafisha hewa? Hilo nalo limewauza wengi. Lilivuma baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambao mimea ilipimwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani wakapiga hesabu upya, wakakuta ili ushindane na hewa inayopita kwenye jengo la kawaida unahitaji mimea 10 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Utalala wapi? Fungua dirisha, bwana.

Mwisho, wale wenye viwanja mnaotaka kuutoa kwenye chungu na kuupanda nje: utakua, tena haraka, lakini mizizi yake inatafuta maji kwa fujo, inanyanyua sakafu na kupasua mabomba. Upande mbali na ukuta na shimo la maji machafu. Na siku ya kupogoa ujue unatoka utomvu mweupe kama maziwa, unawasha ngozi, ukiingia jichoni ni balaa, na mtoto asitafune majani. Ukigusa nguo hautoki. Kwa hiyo shati jeupe la kazini livue kwanza.