Maboksi Matano Chini ya Kitanda



Nilipostaafu ualimu niliandika kitabu kidogo kuhusu makatekista wa zamani wa huku kwetu mlimani, waliokwenda kwa miguu kutoka kigango hadi kigango. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu, nikaenda kwa mchapaji Moshi mjini, na baada ya wiki tatu nikapandisha nyumbani maboksi matano yenye nakala 300. Nilidhani kazi imekwisha.

Kumbe kuchapa ni jambo moja na kuuza ni jingine. Katika duka la kwanza muuzaji alikigeuza kitabu nyuma akauliza, "Mwalimu, ISBN iko wapi?" Sikuwa nayo. Ni namba ya tarakimu 13 inayokitambulisha kitabu popote duniani, na hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Bila namba hiyo maduka mengi makubwa, ya mjini na ya mtandaoni, hupata shida kukiingiza kwenye orodha zao. Tena mgongo wa kitabu haukuwa na jina, hivyo kikisimamishwa rafuni hakijulikani ni kipi.

Duka la pili lilikubali kuchukua nakala kumi kwa mali kauli: nalipwa zikiuzwa, nalo linabaki na asilimia 30. Nilikaa nikapiga hesabu. Kuchapa nakala moja kuligharimu shilingi 4,000, na bei yangu ilikuwa 5,000. Duka likichukua chake nabaki na 3,500. Yaani kila nakala ikiuzwa, napata hasara ya shilingi 500!

Nikakimbilia parokiani. Sista anayesimamia meza ya vitabu mlangoni mwa kanisa akaniuliza kama nina kibali cha Kanisa. Nikamwambia, "Sista, hii si katekisimu." Akanieleza kwa upole kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 827, hairuhusu maandishi ya dini au maadili kuwekwa, kuuzwa wala kugawiwa kanisani bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Niliondoka nimenuna, lakini kitabu nilikipeleka kwa padre aliyepewa kazi ya kukisoma.

Baada ya majuma mawili aliniita. "Mwalimu, kwa upande wa imani sina neno. Ila ukurasa wa 62, yule mama ameusoma?"

Nilinyamaza. Ukurasa ule ulisimulia ugomvi wa mpaka wa kihamba kati ya baba na jirani yetu, nami nilimwita jirani mwizi kwa jina lake. Mjane wake bado yu hai. Misa ya kwanza hukaa mabenchi mawili mbele yangu. Nilikuwa tayari kuuza neno lile mlangoni mwa kanisa analosali.

Jumamosi nilikata jani la isale, nikaenda kwake. Kila Mchagga anajua maana ya jani hilo mkononi mwa mtu anayebisha hodi. Alilipokea, akakaa kimya kitambo, kisha akanisimulia upande wa mumewe, ambao sikuwahi kuuliza. Usiku ule nilianza kuikata karatasi ile kwa wembe, nakala moja baada ya nyingine. Vitabu vile niliwagawia makatekista baada ya kupata kibali.

Toleo la pili lina ISBN, jina mgongoni, na bei ya 8,000 inayoliachia duka fungu lake. Binti yangu huko Dar es Salaam hulitangaza mtandaoni. Mteja hulipa kwa simu, nasi tunatuma kwa basi. Haliendi haraka, lakini linakwenda.

Ndugu mseminari mwenye mswada mkobani, shughulikia namba, mgongo na bei kabla ya kwenda kwa mchapaji. Na kabla ya hayo yote, wasomee uliowataja.

Nakala ya kwanza ya toleo jipya nilimpelekea yule mama. Macho yake yamefifia, nikaketi nikamsomea.