Mji Usio na Maji

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons: mmoja hubuni nchi na wakazi wake, wenziwe husafiri humo kwa maneno, na dadu huamua yatakayowapata. Nami naliwachorea wanafunzi wangu nchi ya namna hiyo, yenye ngome na mji mkubwa, nikajisifu moyoni. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, watu hawa huteka maji wapi?” Nikaona haya. Nikafuta, nikaanza na mto. Yakafuata mashamba, njia na soko. Ngome ikawa ya mwisho. Kumbe miaka yote nalikuwa nikiwakaririsha majina ya miji ya kweli, wala sikuwauliza hata mara moja kwa nini watu walikaa pale.